Kiungulia na Lawama za Watu

Watu wa mwambao wamezoea kumcheka mwenye kiungulia. Akishika kifua baada ya futari huambiwa: hayo ni malipo ya sambusa. Maneno haya yana ukweli ndani yake, walakini si ukweli wote, na kumhukumu mgonjwa kwa nusu ya ukweli ni dhuluma.

Baina ya umio na tumbo pana msuli ufungao mfano wa kilango. Kilango hicho kikilegea, tindikali ya tumbo hupanda na kuunguza umio, ambao haukuumbiwa kuistahimili. Mwaka 1935 tabibu Asher Winkelstein wa New York alieleza jinsi umio uumiavyo kwa tindikali hiyo. Shibe kubwa, mafuta mengi, tumbaku na unene huyazidisha maradhi. Lakini wako ambao kilango chao ni dhaifu kwa maumbile, na mwanamke mwenye mimba huungulika pasipo ulafi wowote. Basi nani awezaye kumtazama mtu akajua lipi ni la mkono wake na lipi si lake?

Lililo katika khiari yake ndilo aulizwalo. Hadithi ya thuluthi tatu, aliyoipokea Tirmidhi kwa Miqdam bin Maadikarib, wengi waijua, na wengi huisahau adhana ya Magharibi iliapo. Mwenye maradhi haya akifungua kwa maji na tende, akanywa dawa yake, akaenda kusali, kisha ndipo akala kwa kiasi, amepatanisha sunna na utabibu. Kwani dawa kama omeprazoli hunywewa kadiri ya nusu saa kabla ya chakula. Na daku ale kidogo, wala asijitupe kitandani akisha sali Alfajiri: zipite saa mbili au tatu. Alalapo, alalie ubavu wa kushoto, na kichwa cha kitanda kiinuliwe.

Ama amezaye kwa shida, au akondaye pasipo sababu, au atapikaye damu, au afanyaye choo cheusi kama lami, huyo si wa kungoja Idi. Wako waonao haya kufungua mbele ya majirani ilhali ni wagonjwa kweli. Na wako wafunguao kwa kiungulia cha usiku mmoja. Kupambanua baina ya hawa ni kazi ya tabibu mwaminifu, na majirani hawakuulizwa. Ruhusa ya mgonjwa imo katika aya ya 185 ya Sura ya Al-Baqara, na siku alizokula atazilipa akisha pona.