Je, Mkristo Anaweza Kumfukuza Mpangaji?

Somo: Kumbukumbu la Torati 24:6, 10–13, Mathayo 18:23–35



Katika kanisa letu mwenye nyumba na mpangaji huketi kwa benchi moja. Kuna mzee aliyestaafu akajenga vyumba kule Kyumbi kwa mkopo wa Sacco, na kuna kijana anayelipa kodi papo hapo. Jumapili wote wanainua mikono. Jumatatu mmoja anapita nyuma ya ploti ili asionekane na mwingine.

Ndiyo maana swali hili hutufikia mara kwa mara: "Pasta, mpangaji hajalipa miezi mitatu. Nikimtafuta wakili, nitakuwa nimekosa upendo?" Wengi wanajibu wenyewe kwamba korti si ya waliookoka. Wanavumilia, wananung'unika, halafu siku moja uvumilivu unaisha. Wanamtuma mtu akate stima, aweke kufuli, au ang'oe mlango mama akiwa sokoni. Yule aliyeogopa wakili kwa sababu ya upendo sasa amefanya jambo ambalo wakili yeyote mwaminifu angemkataza.

Tuseme ukweli kwanza. Kodi ni deni. Zaburi 37:21 inamhesabu mtu anayekopa na asilipe pamoja na waovu. Na si kila mwenye nyumba ni tajiri. Fanya hesabu: vyumba 8 vya shilingi 4,000 ni 32,000 kwa mwezi. Kama mkopo unakata 25,000, wapangaji wawili wakikosa kulipa zinabaki 24,000. Mzee anatoa mfukoni, na hapo hajanunua unga wala dawa. Kumwambia "samehe tu" ni rahisi kwa mtu asiyedaiwa na Sacco.

Sasa tazama Kumbukumbu la Torati 24. Mungu hakufuta haki ya mdai. Alimruhusu achukue rehani, lakini akamwambia asiingie nyumbani kuichukua. Asimame nje, mdaiwa mwenyewe amletee. Asichukue jiwe la kusagia, maana huo ni uhai wa mtu. Na kama rehani ni vazi la maskini, alirudishe kabla ya usiku. Kwa nini Mungu ajali mlango? Kwa sababu ndani ya mlango kuna mke, kuna watoto, kuna heshima ya mtu. Deni linakupa haki juu ya pesa zako. Halikupi haki ya kumwaibisha mtu mbele ya watoto wake.

Sheria ya Kenya inafanana na hiyo kuliko tunavyodhani. Nyumba ya kuishi ambayo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi inalindwa na Sheria ya Udhibiti wa Kodi, na kuna baraza maalum la kusikiza kesi zake. Kodi ikiwa juu ya hapo na inalipwa kila mwezi, Sheria ya Ardhi ya 2012 inataka notisi isiyopungua mwezi mmoja. Kwa maduka na hoteli nyingi ni notisi ya maandishi ya miezi miwili, yenye sababu, na mpangaji ana nafasi ya kuipinga mbele ya baraza lake. Mali ya kufidia kodi hukamatwa na dalali mwenye leseni, si vijana wa mtaa. Na hata korti ikishaamua, kifungu cha 44 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai hakiruhusu kunyang'anya nguo za lazima, vyombo vya kupikia, vitanda na malazi, wala vifaa vya kazi. Jiwe la kusagia na vazi la usiku, hayo hapo!

Kwa hivyo kazi ya wakili mwema si kukusaidia kumtupa mtu nje haraka. Anakusimamisha nje ya mlango. Notisi inampa mpangaji muda wa kutafuta chumba kingine. Baraza linampa nafasi ya kusema. Hiyo pia ni rehema, hata ikiandikwa kwa lugha kavu.

Mtu atauliza, mbona Paulo katika 1 Wakorintho 6 anakataza ndugu kushtakiana? Ni kweli. Kama wote wawili ni wa kanisa, njooni kwa wazee kwanza, kama Mathayo 18:15–17 inavyofundisha. Hata Katiba yetu, kifungu cha 159, inataka korti ziendeleze maridhiano na upatanisho. Lakini mmoja akikataa kusikia, kwenda mbele ya sheria si kisasi. Paulo huyo huyo alikata rufaa kwa Kaisari.

Hata hivyo tusiishie kwa sheria. Oktoba 2023, kule Mavoko, nyumba zilibomolewa katika ardhi ya East African Portland Cement. Kampuni ilikuwa na uamuzi wa mahakama. Bado familia zililala nje, wengine wakiwa wamenunua ploti zile kwa akiba yao yote. Jambo linaweza kuwa halali na bado likatutoa machozi. Yule mtumwa wa Mathayo 18 alikuwa anadai deni la kweli. Kosa lake ni kwamba alisahau deni lake mwenyewe lililosamehewa.

Basi, mwenye nyumba, kabla ya notisi, uliza: "Kumetokea nini?" Mtu aliyefutwa kazi si sawa na mtu anayelipia televisheni kubwa na kukwepa kodi. Andikianeni mpango wa kulipa kidogo kidogo. Ukiweza, samehe mwezi mmoja ili ahame kwa amani. Ikibidi aende, aende mchana, na sufuria zake na vitabu vya watoto.

Na wewe mpangaji, usingoje kutafutwa. Piga simu kabla ya tarehe tano. Usihame usiku, usizime simu, na usitumie baraza kununua muda huku pesa unazo. Huyo mzee naye ana mlango wake, na Sacco inaubisha.

Maswali ya vikundi vya nyumbani:
1. Ni deni gani unadai ambalo limekufanya uingie "ndani ya mlango" wa mtu?
2. Kama wewe ni mpangaji, mwenye nyumba wako anajua unaabudu wapi? Angefurahi kujua?

Tuombe: Bwana, tufundishe kudai bila kuonea, na kulipa bila kusukumwa. Amina.