Kuku aliyedonolewa na wenzake: deni liko kwa nani?

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema ni za Allah, na swala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba zake.



Leo tunazungumza juu ya kuku. Wengine watacheka, maana wamezoea karatasi hii iseme juu ya swala, zaka na mirathi. Lakini hapa Kindu wengi wetu tunafuga, na mwenye kufuga ana viumbe chini ya mkono wake usiku na mchana, viumbe ambavyo haviwezi kwenda kumshitaki kwa chifu wala kwa imamu. Hilo peke yake linatosha kuwa jambo la Ijumaa.

Mwaka 2019 mimi mwenyewe nilikuwa na kuku 60 wa mayai, wale wekundu wanaoletwa kwa ndege wangali vifaranga. Nyumba yao ilikuwa na meta 3 kwa 2. Asubuhi moja baada ya swala ya alfajiri nilimkuta mmoja kwenye kona, ameingiza kichwa chini ya sanduku la kutagia. Nyuma, karibu na mkia, hakuwa na manyoya tena. Nyama ilionekana na damu ilikuwa inatoka. Wenzake wanane au tisa walikuwa wamemzunguka, huyu anadonoa na kurudi nyuma, yule naye anakuja. Hawakuwa majogoo wanaopigania ufalme. Ni majike waliokula naye chombo kimoja tangu udogo wao.

Nilifanya kama wengi wanavyofanya. Nilimtafuta aliyekuwa na damu mdomoni nikampiga teke. Kisha nikasimama pale nikipiga hesabu: kuku aliyeumia hatagi, dawa ni pesa, na sokoni hakuna atakayemtaka hivi alivyo. Mama mmoja jirani yetu, aliyefuga tangu zamani, alikuwa anapita na ndoo yake ya maji.

“Mwalimu, unaangalia nini? Mutoe kwanza. Hesabu utafanya nyuma.”

“Mama, huyu hapa mwenye damu mdomoni ndiye aliyeanza.”

“Huyo ni kuku tu. Ni wewe uliyetia sitini humu ndani.”

Ndugu zangu, neno hilo lilinikaa moyoni kuliko mawaidha mengi niliyosikia. Nilikuwa natafuta mkosaji kati ya wasio na taklifu. Kuku hana sheria juu yake. Hajui zuri na baya kama tunavyojua sisi. Akiona kitu chekundu anakidonoa, na damu ikishaonekana wengine wote wanafuata. Na hata hivyo Mtume (s.a.w.) ametufundisha, katika hadithi iliyopokewa na Muslim, kwamba Siku ya Kiyama haki zitarudishwa kwa wenyewe, hata kondoo asiye na pembe atalipiziwa kwa yule mwenye pembe aliyempiga. Kama mnyama asiyeandikiwa dhambi haachwi bila hesabu kwa alilomtendea mwenzake, je, yule aliyewafungia wote wawili katika chumba kimoja na ufunguo uko mfukoni mwake?

Wanazuoni wetu hawakuliacha jambo hili hewani. Izzuddin bin Abdissalaam, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu ya Shafi aliyefariki Cairo mwaka 1262, alihesabu haki za wanyama juu ya mwanadamu katika kitabu chake cha Qawaid al-Ahkam. Kati ya hizo ametaja kwamba mwenye mnyama amlishe hata kama amezeeka au ameugua kwa namna ambayo hakuna faida tena ya kupata kwake. Na akataja nyingine, ambayo nilipoisoma niliiona kama imeandikwa kwa ajili ya lupango langu: asimweke pamoja na kinachomdhuru, kiwe cha jinsi yake au cha jinsi nyingine, kwa kumvunja, kumpiga pembe au kumjeruhi. Angalieni, ndugu, alivyosema “cha jinsi yake”. Mtu anaweza kujitetea kwamba hakuleta paka wala mbwa. Kuku kwa kuku pia ni hesabu yako.

Sasa huyo aliyeumia tufanye naye nini? Mbele ya mfugaji kuna milango mitatu, na wanazuoni wa Shafi wameitaja kwa yule anayeshindwa kumtunza mnyama wake: amtunze, amuuze, au amchinje kama ni wa kuliwa. Kumuuza ni halali lakini lazima useme aibu yake, usimfunike kidonda kwa manyoya mbele ya mnunuzi. Kumchinja pia ni halali, na mara nyingine ndiyo huruma yenyewe, hasa kidonda kikiwa kimeingia tumboni na matumbo yanatoka. Basi kisu kinolewe vizuri, na asichinjwe mbele ya wenzake. Mlango wa nne, wa kumwacha wammalize, haupo. Ibn Umar (r.a.) aliwakuta vijana wamemfunga kuku wanamlenga mishale, naye akawakumbusha kwamba Mtume (s.a.w.) amemlaani afanyaye hivyo. Sisi hatuna mishale, ni kweli. Lakini kusimama na kutazama hali una uwezo wa kufungua mlango, sijui utaliita jina gani.

Na akikutwa asubuhi amekwisha kufa, ni mfu, haliwi wala hauzwi. Nalisema hili kwa sababu wako wanaopitisha kisu kwenye shingo ya kuku aliyekufa na kumpeleka sokoni mapema. Huyo amedhulumu kuku na amedhulumu watu.

Mimi niliamua kumtunza, na yule mama ndiye aliyenionyesha. Tulichemsha maji, tukaacha yapoe, tukatia kijiko kidogo cha chumvi kwa nusu lita. Tulikata kwa makasi manyoya yaliyobaki kando ya kidonda, tukasafisha polepole, kisha tukapaka dawa ya iyodi iliyopunguzwa na maji mpaka ikafanana na chai. Wengi hupaka violet kwa sababu inafunika wekundu. Lakini dawa hiyo haifai kwa kuku ambaye mayai yake na nyama yake vinaliwa. Siku zilizofuata nilipaka asali safi kidogo, na kila asubuhi na jioni nilitazama kama inzi hawajatia mayai ndani ya kidonda, maana funza wakiingia kazi inakuwa nyingine.

Alikaa ndani ya kitunga kikubwa mle mle katika nyumba ya kuku, ana maji yake na chakula chake, anawaona wenzake nao wanamwona. Wako wanaomtupa aliyeumia katika giza nyuma ya jiko kama mfungwa, anakunywa wakikumbuka. Kumtenga ni kumlinda, yeye hakuhukumiwa kwa lolote. Isitoshe, kuku akiondolewa siku nyingi wenzake wanamsahau, na akirudi wanampokea kama mgeni.

Baada ya siku kumi ngozi ilikuwa imefunga, nikamtoa mchana. Haikupita saa moja, damu ilitoka tena.

Hapo nilikasirika, na kijana mmoja akaniambia atakuja na kisu cha moto awakate wote midomo kwa bei nzuri. Nilikaribia kukubali. Lakini mdomo wa kuku si kama ukucha wetu. Ndani yake mna nyama na mishipa inayohisi, na ndio mkono wake wa kutafutia riziki. Norway, Sweden na Finland zimekataza kwa sheria kuwakata kuku midomo. Mimi sisemi ni haramu kila mahali na kwa kila hali, sina elimu ya kufika huko. Nasema nilikuwa tayari kuwatia maumivu viumbe 60 ili nisikubali kwamba nyumba ni ndogo.

Na haikuwa nyumba peke yake. Bei ya chakula ilipopanda nilianza kuongeza pumba za mpunga, kidogo kidogo, mpaka soya na samaki wakavu wa kusagwa wakawa kama harufu tu. Kuku wa mayai akikosa chakula cha kujenga mwili anakitafuta kwa jirani yake, manyoya kwanza, halafu damu. Juu ya hayo dirisha lilikuwa wazi kuelekea jua la mchana, na vyombo vya kulia vilikuwa viwili tu.

Ndugu mmoja aliniuliza msikitini: Mwalimu, katika nchi ambayo watoto wanakosa dawa, unatuambia tununulie kuku dawa? Swali lake ni la haki, na mtoto anatangulia, hakuna ubishi. Lakini maji na chumvi viko katika kila nyumba. Umasikini unaweza kuwa udhuru wa kukosa iyodi. Hauwezi kuwa udhuru wa kuweka kuku 60 mahali pa 36, kwa sababu aliyewaongeza hao 24 hakufanya hivyo kwa umasikini, alifanya kwa tamaa ya mayai. Namjua vizuri.

Niliuza 24. Niliweka chombo cha tatu, nikatundika gunia dirishani, nikafunga mafungu ya majani juu ili wawe na kitu cha kudonoa. Yule mwenye fujo zaidi nilimtoa yeye kwa siku chache, na mgonjwa nikamrudisha usiku, manyoya yakiwa yameanza kuota. Walilala. Asubuhi walimtazama, wakaenda kula.

Mama jirani alikuja kuona. Aliwahesabu kwa kidole, akatikisa kichwa kukubali. Kisha akatia mkono katika chombo cha chakula, akasugua kidogo kati ya vidole.

“Pumba bado ni nyingi, Mwalimu.”

Wabillahi tawfiq.