Kukubali Si Kukata Tamaa



Yako maneno tunayoyasema kila Jumapili pasipo kuupima uzito wake. Katika ombi la tatu la Sala ya Bwana twamwomba Baba kwamba yatendeke ayatakayo yeye. Tukiwa wazima, ombi hilo ni jepesi. Lakini mtoto alalapo na homa kali, au sisi wenyewe tukiambiwa na daktari kwamba ugonjwa wetu hauna dawa, ulimi huwa mzito. Ndipo moyo huuliza: Je, nikiomba hivi, sijaacha kuomba uzima? Kukubali si kukata tamaa kwa jina jingine?

Swali hilo halikuanza kwetu. Katika mwezi wa Septemba, mwaka 1542, huko Wittenberg katika nchi ya Ujerumani, Martin Luther alipiga magoti kando ya kitanda cha binti yake Magdalena, mwenye umri wa miaka 13. Hakuficha neno mbele za Mungu. Alikiri ya kuwa ampenda mtoto huyu mno, naye angependa abaki. Kisha akamwachia Mungu. Mtoto akafa mikononi mwa baba yake. Siku chache baadaye Luther alimwandikia rafiki yake Justus Jonas, akasema kwamba yeye na mkewe Katharina iliwapasa kumshukuru Mungu kwa mwisho mwema wa binti yao, lakini upendo wao ulikuwa na nguvu hata hawakuweza kufanya hivyo pasipo machozi. Basi, tusidhani ya kuwa aliyejitoa kwa Mungu hana ruhusa ya kulia.

Tena tumtazame Bwana wetu katika bustani ya Gethsemane. Hakuanza kwa kukubali. Alianza kwa kuomba kikombe kiondolewe. Akaomba mara ya kwanza, na ya pili, na ya tatu. Waraka kwa Waebrania washuhudia ya kuwa alisikilizwa. Nasi twajua ya kuwa kikombe kile alikinywa. Hapa pana fundisho kubwa. Kusikilizwa si sawa na kuepushwa. Mtume Paulo naye aliomba mara tatu mwiba utolewe katika mwili wake. Mwiba haukutolewa, bali alipewa neema ya kumtosha, akaendelea na safari zake na kazi yake akiwa na mwiba ule ule.

Basi, kukubali na kukata tamaa hutofautianaje? Aliyekata tamaa ameutupa mzigo wake chini, wala hakuna aupokeaye. Aliyekubali ameuweka mikononi mwa Baba amjuaye. Kwa macho ya watu wote wawili wameachilia; lakini wa kwanza amebaki peke yake, na wa pili hayuko peke yake tena. Huo ndio uponyaji ambao mara nyingi hutangulia uponyaji wa mwili, na mara nyingine huja mahali pake: hofu hupungua, chuki juu ya Mungu na juu ya jirani hulegea, na mgonjwa aweza kulala usiku.

Lakini hatuna budi kuonya juu ya mambo mawili. La kwanza, mtu asimwambie mgonjwa kwamba hakupona kwa sababu imani yake ni haba. Ni nani atakayethubutu kumwambia Paulo hivyo? Neno la namna hiyo huongeza jeraha juu ya jeraha. La pili, mtu asiache dawa akisema kwamba amejitoa kwa Mungu. Tauni ilipoingia Wittenberg mwaka 1527, Luther aliandika ya kuwa dawa ni kipawa cha Mungu, na mwenye kuidharau amjaribu Mungu. Tumeze dawa, na tuombe. Mkono mmoja haumkatazi mwenzake.

Nasi tutaombaje usiku wa leo? Tusikimbilie kukubali kwa midomo wakati moyo ungali ukipigana. Kwanza tumtajie Baba jambo lenyewe kwa jina lake, tumwombe waziwazi lile tulitakalo, kama mtoto aombavyo chakula. Kisha tulikabidhi kwake. Kesho yake huenda tukaona ya kuwa tumelichukua tena usiku. Tusione haya, tulirudishe. Bwana mwenyewe alirudi kuomba mara tatu, tena kwa maneno yale yale.

Na wewe uketiye kando ya kitanda cha mwenzio, usiwe mwepesi wa kunena. Mshike mkono, uombe pamoja naye lile alitakalo. Na atakapokuwa tayari kulia, lia naye. Mungu Baba, aliyeyasikia machozi ya Mwana wake, ayasikie na yetu. Amin.