Kumpigia debe mtu na huna kura

Kama kupiga kura kunajuzu au hakujuzu, tumeshajadiliana sana darsani, na wengi wetu jibu tunalo mfukoni. Mimi nina swali dogo zaidi, na naliona gumu zaidi: asiye na kura kabisa, je, inajuzu kwake kuzunguka akiwaambia watu wamchague fulani?

Naliuliza kwa sababu linanihusu. Nimekulia Dzaleka, wilayani Dowa, kambi iliyofunguliwa 1994 mahali palipokuwa gereza enzi za Kamuzu Banda. Katiba ya Malawi, kifungu cha 77, haimfungii mlango asiye raia aliyekaa nchini miaka saba. Lakini uandikishaji wa uchaguzi wa Septemba 16, 2025 ulidai kitambulisho cha taifa, na mkimbizi hanacho. Kwa hiyo Juni mwaka huo, rafiki yangu wa chuoni, mzaliwa wa Dowa, aliponiomba nijitolee katika kampeni ya mchujo wa chama chake, nilikwenda kama mbeba daftari. Tulitoka alfajiri baada ya swala, ukungu haujainuka, akina mama wamejifunika vitenje hadi masikioni. Baridi ya Dowa haiulizi uraia.

Mgombea wetu alikuwa na sifa moja iliyonivuta: hakugawa kitu. Sheria ya Vyama vya Siasa ya 2018 inakataza zawadi za kampeni, lakini ukifika kijijini swali la kwanza ni sabuni iko wapi. Mpinzani wake alikuwa na sukari, na sukari ilifika kabla yake kila mahali. Sisi tulikuwa na maneno tu. Niliwaambia watu kwamba huyu hahongi, na kwamba Mtume (s.a.w.) amemlaani mwenye kutoa rushwa na mwenye kuipokea. Wengine walicheka, wengine waliandikisha majina.

Jioni moja mzee wa kijiji akauliza habari za Dzaleka. Mnakumbuka 2023, Serikali ilipoamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi na kufanya biashara nje warudi kambini, katika kambi iliyokusudiwa watu kama 10,000 na sasa ina zaidi ya 50,000. Mgombea wetu akajibu kwamba amri ile ilikuwa sawa na ingefaa ikazwe zaidi. Aliyasema hayo huku mimi nimekaa hatua tatu kutoka kwake, daftari mapajani.

Na yule wa sukari? Yeye alikuwa na neno zuri juu yetu.

Mufti Muhammad Shafi wa Pakistan aliiona kura kuwa ndani yake mna ushahidi, uombezi na uwakilishi. Mimi uwakilishi sina, kwa kuwa sina kura ya kumpa mtu. Lakini ushahidi na uombezi havingoji kitambulisho. Anayesema "mchagueni huyu" ameshamshuhudia na ameshamwombea, na Suratun-Nisaa, aya ya 85, inatufahamisha kwamba mwombezi ana fungu lake katika alichokiombea, kiwe chema au kiovu. Aya ya 135 ya sura hiyo hiyo inatutaka tuwe mashahidi wa haki hata dhidi ya nafsi zetu. Nafsi yangu ilikuwa upande wa sukari.

Ugumu ni kwamba kampeni hutaka umsifu mtu mzima, kuanzia kofia mpaka viatu. Wanazuoni wa hadithi hawakufanya hivyo. Ismail bin Ayyash alikubaliwa alipopokea kwa watu wa Sham, akadhoofishwa alipopokea kwa watu wa Hijazi. Mtu mmoja, hukumu mbili, wala hakuna aliyeona wanajikanganya. Naona ulimi wa mpiga debe unapaswa kuwa hivyo. Nilimwambia mgombea mbele ya rafiki yangu: nitaendelea kushuhudia kwamba huhongi, kwa sababu ni kweli, nikiulizwa juu ya wageni, nitasema hapo umekosea. Akanitazama, akasema kura ziko kwa wenye kijiji. Hakuniondoa. Kijiji cha pili niliulizwa, nikasema.

Kambini mzee mmoja ninayemheshimu hakupendezwa. "Mwanangu, wa sukari ndiye wetu," aliniambia, akanikumbusha Uhabeshi: Waislamu wakimbizi walimwombea dua Najashi alipoinukiwa na mshindani, wakamtuma Zubeir bin Awwam avuke mto akawaletee habari za vita. Walijua nani anawalinda. Nikamjibu kwamba Najashi alisifiwa kuwa hadhulumiwi mtu kwake, wala hatukusoma kwamba alinunua watu wake. Akasema vitabu vyangu havilishi watoto. Hilo kweli havifanyi, na kila Ijumaa baada ya swala ananishika mkono tuendelee pale tulipoachia.