Neil Peart na Thamani ya Ustadi

Neil Peart, mpiga drams wa bendi ya Rush ya Kanada, alisifiwa na kulaumiwa kwa jambo lilelile: ustadi wake. Alizaliwa tarehe 12 Septemba 1952 mjini Hamilton, katika jimbo la Ontario. Mwaka 1974 alijiunga na Geddy Lee na Alex Lifeson katika bendi hiyo, na tangu hapo hadi onyesho lake la mwisho mwaka 2015 alikuwa pia ndiye aliyetunga sehemu kubwa ya mashairi ya bendi. Mashabiki walimwita Profesa. Wengi walimweka juu ya wapiga drams wote wa muziki wa roki. Wengine, wakiwamo wapenzi wa Rush wenyewe, walisema anapiga kwa hesabu kuliko kwa moyo. Nyuma ya ubishi huo lipo swali la kale la falsafa: je, umahiri wa mikono na miguu una thamani wenyewe, au thamani yake hutokana na kile unachokitumikia?

Sababu ya sifa inaonekana wazi katika "YYZ", kipande kisicho na maneno kilichomo katika albamu ya Moving Pictures ya mwaka 1981. YYZ ni alama ya uwanja wa ndege wa Toronto, na mdundo wa kufungulia umetokana na herufi hizo zinapoandikwa kwa alama za Morse. Herufi Y ni kistari, nukta, kisha vistari viwili. Z ni vistari viwili na nukta mbili. Kistari kikihesabiwa mbili na nukta ikahesabiwa moja, Y ya kwanza inatoa saba, ya pili saba, na Z sita. Jumla yake 20. Hesabu hiyo inafanya mzunguko wa mapigo matano, wakati sikio la msikilizaji wa roki limezoea manne. Asiyejua siri hiyo huhisi ardhi ikimyumba chini ya miguu, huku wanamuziki watatu wakipita pamoja bila kuteleza. Katika sekunde chache, mchezo wa herufi umegeuzwa muziki.

Jambo la pili lililosifiwa ni uaminifu wake kwa kazi aliyoitunga. Peart alipanga sehemu zake pigo kwa pigo, na jukwaani alizipiga karibu kama zilivyo kwenye albamu. Ndiyo maana katika maonyesho ya Rush, ulipofika mpito maarufu wa ngoma katika wimbo wa "Tom Sawyer", watu ukumbini walinyanyua mikono na kupiga hewani pamoja naye, kila mmoja akijua ngoma ipi inafuata ipi. Kwa mashabiki hao drams hazikuwa za kushikilia mwendo wa wimbo tu. Zilikuwa na usemi wake, nao waliuhifadhi kama watu wanavyohifadhi beti.

Falsafa ya sifa hizi si ngumu kuiona. Ustadi ni miongoni mwa mambo machache katika sanaa yanayoweza kuhakikishwa: kijiti kimefika kwa wakati au hakikufika. Msikilizaji anayeshuhudia jambo gumu likifanywa sawasawa anaona pia, nyuma yake, miaka ya mazoezi ambayo hakuna aliyeishangilia. Dini nazo zimeiheshimu juhudi hiyo. Katika Injili ya Mathayo, sura ya 25, mtumishi aliyeifukia talanta yake ardhini anakemewa na bwana wake, na waliozizalisha wanapongezwa. Katika Uislamu, Hadithi iliyomo katika Sahih Muslim inafundisha kwamba Mwenyezi Mungu ameamrisha ihsani katika kila jambo. Na ingawa wanazuoni wamekhitilafiana kuhusu ala za muziki, hakuna aliyekhitilafiana kwamba kazi inayofanywa ifanywe kwa ukamilifu. Peart mwenyewe hakuwa mtu wa dini, na wimbo wa "Freewill" wa mwaka 1980 unashikilia kwamba binadamu huchagua njia yake. Hata hivyo muumini na asiyeamini wanakubaliana hapa: kiwe kimetoka kwa Mungu au kimetoka kwa maumbile, kipaji kisichotumikishwa hakimfai mtu.

Lawama nazo zina uzito. Ya kwanza ni ya ukavu. Wakosoaji walisema mapigo ya Peart yalikuwa sahihi lakini hayakuwa na mbembeo, ule mvuto mdogo wa kuchelewa na kuwahi unaomfanya msikilizaji atikise mwili kabla hajafikiri. Mara nyingi walimlinganisha na Charlie Watts wa Rolling Stones, aliyekaa nyuma ya ngoma chache na kupiga machache, kila pigo likiwa limetulia mahali pake. Lawama ya pili ni ya wingi. Peart alizungukwa na ngoma na matoazi pande zote, na katika solo zake jukwaa la drams liligeuzwa ili apige upande wa vifaa vya kielektroniki. Kwa aliyependa kiasi, hizo zilikuwa mbwembwe.

Lawama hiyo ya pili ina ukoo mrefu. Katika Kitabu cha Nane cha Siasa, Aristotle anashauri kwamba vijana wafundishwe muziki kwa kiasi cha kuwawezesha kuufurahia na kuuhukumu, wasisukumwe kwenye maajabu ya vidole yaliyokuwa yameingia katika mashindano ya wakati wake. Sababu yake ni ya kimaadili. Anayepiga kwa ajili ya kushangaza watu hafanyi mazoezi ili awe mtu bora. Anafanya ili awafurahishe wasikilizaji, na wasikilizaji wasio na ladha humvuta chini mpaka afanane nao. Aristotle hapingi ugumu. Anaogopa kwamba mwenye ujuzi atageuka mtumwa wa makofi.

Upande mwingine wa swali unaonekana Burundi, ambako ngoma za kifalme zina utaratibu wake wa kumpa mtu nafasi ya kung'ara. Ngoma ziitwazo amashako hushikilia mwendo bila kukatika; ibishikizo hufuata; katikati ipo inkiranya, inayoongoza. Wapigaji hupokezana kwenye ngoma hiyo ya kati, kila mmoja akija na miruko na vituko vyake, kisha anarudi mstarini. Uhodari wa mmoja haukatazwi, ila unabebwa na wengi na una mwisho wake. UNESCO iliitambua sanaa hiyo mwaka 2014, na muziki wa roki ulikuwa umekwisha kuisikia zamani: Joni Mitchell, Mkanada kama Peart, alitumia rekodi ya wapiga ngoma wa Burundi katika albamu yake ya mwaka 1975. Kwa kipimo cha Burundi, hodari anaulizwa kama ngoma ya pamoja ingali hai anapomaliza zamu yake. Katika Rush jibu kwa kawaida ni ndiyo, kwa kuwa sehemu za Peart zilitungwa kufuata maneno na gitaa. Ni katika solo ndefu tu ndipo swali hilo linabaki wazi.

Jibu zito zaidi kwa wakosoaji lilitoka kwa Peart mwenyewe. Mwaka 1983 jarida la Modern Drummer lilikuwa limemwingiza katika orodha yake ya heshima, na kwa mashabiki hakuwa na la kuthibitisha tena. Mwaka 1991 alipiga na bendi ya Buddy Rich katika tamasha la kumkumbuka gwiji huyo wa jazi, na hakuridhika na alivyopiga. Miaka mitatu baadaye, akisimamia albamu ya kumuenzi Rich, alisikia jinsi mpiga drams mwenzake Steve Smith alivyobadilika, akauliza siri yake. Jibu lilikuwa mwalimu: Freddie Gruber, rafiki wa Rich. Peart, aliyekuwa amevuka umri wa miaka 40, alikwenda kwa mzee huyo kama mwanafunzi. Alibadilisha namna ya kushika vijiti, akapanga upya ngoma zake, na akajifunza kushughulikia mwendo wa mkono baina ya pigo na pigo, mahali ambapo hakuna sauti inayosikika. Matokeo yake yalirekodiwa katika albamu ya Test for Echo ya mwaka 1996. Alipovuka miaka 50 alirudi tena darasani, safari hii kwa mpiga drams mwingine, Peter Erskine.

Tukio hilo linabadilisha sura ya ubishi wote. Aliyesema kwamba Peart alikuwa na kasoro alikuwa na haki, maana Peart aliiona kasoro hiyo. Aliyemsifu naye alikuwa na haki, maana ni nidhamu ileile iliyosifiwa iliyompeleka kwa mwalimu. Mtumwa wa makofi, yule ambaye Aristotle alimwogopa, asingevunja mtindo uliokuwa ukimletea makofi.

Ni nani basi anayestahili kuhukumu? David Hume, katika insha yake ya mwaka 1757 kuhusu kipimo cha ladha, alitaja sifa za hakimu wa kweli: akili timamu, hisia nyepesi, mazoezi ya kusikiliza, uzoefu wa kulinganisha, na moyo usio na upendeleo. Shabiki mara nyingi ana mazoezi ya kusikiliza kuliko mtu yeyote; amerudia kipande kimoja mpaka anajua pumzi zake. Anachokosa ni kulinganisha na kujitenga na upendeleo. Mkosoaji wa haraka ana upungufu wa kinyume: amelinganisha mengi lakini hajakaa na kazi moja. Hukumu nzuri huhitaji uvumilivu wa wa kwanza na uhuru wa wa pili.

Liko swali la mwisho, la haki ya mashabiki juu ya mtu mwenyewe. Peart aliepuka kukutana na wapenzi wake, na wimbo wa "Limelight" wa mwaka 1981 ulieleza ugumu wa kumchukulia mgeni kama rafiki aliyengojwa kwa muda mrefu. Baadhi waliita hiyo kiburi. Mwaka 1997 binti yake alifariki katika ajali ya gari, na mwaka uliofuata mkewe alifariki kwa saratani. Peart akaacha muziki, akasafiri kwa pikipiki takriban kilomita 88,000, kisha akarejea na albamu ya Vapor Trails mwaka 2002. Katika msiba kama huo inaonekana wazi kwamba tiketi ya onyesho hainunui moyo wa mpigaji. Mafundisho ya dini yanaunga mkono tahadhari hiyo: Hadithi zinawakemea wanaowamwagia watu sifa kupita kiasi, na Biblia inakataza kuweka kiumbe mahali pa Muumba. Sifa iliyopita kiasi humdhuru anayesifu, kwa kuwa inamfanya aache kusikiliza, na humdhuru anayesifiwa, kwa kuwa inamnyima nafasi ya kuwa binadamu.

Peart alistaafu mwaka 2015, mwili ukiwa umechoka na maumivu ya muda mrefu. Hakutaka kupiga chini ya kiwango alichojiwekea. Baadhi ya mashabiki walisikitika na hata kumlaumu. Alifariki tarehe 7 Januari 2020 huko California kwa saratani ya ubongo, ugonjwa aliouweka siri ya familia na marafiki kwa zaidi ya miaka mitatu. Ustadi, basi, una thamani pale unapoutumikia muziki na kumlazimisha mwenye nao aendelee kujifunza. Ukiishia kwenye kushangaza watu, lawama za Aristotle ni za haki. Kwa kipimo hicho Peart alistahili heshima aliyopewa pamoja na ukosoaji aliopata, na anayempenda kwa kweli hana sababu ya kulikataa hata moja kati ya hayo mawili.