Karibuni Nyote: Nyote Akina Nani?

Sisi tunaoishi huku Markham tumezoea kupashana habari kwa video: arusi ya Mombasa, maziko ya Dodoma, Baraza la Idi. Tunazipachika kwenye tovuti za jumuiya zetu na kuandika juu yake "Karibuni nyote". Je, hao "nyote" ni akina nani?

Mtu asiyeona hutumia programu inayomsomea skrini kwa sauti. Kama kitufe cha kuanzishia video hakikupewa jina, programu humwambia "kitufe", basi. Kama video inaanza yenyewe, kelele zake huifunika sauti ile inayomwongoza. Na msemaji akinyamaza huku picha zinaendelea, hajui kinachopita.

Hapa Toronto, Donna Jodhan, mama asiyeona, aliishtaki serikali ya Kanada kwa sababu ya tovuti zake. Novemba 2010 Mahakama ya Shirikisho iliamua kwamba haki yake ya usawa imevunjwa, na mwaka 2012 Mahakama ya Rufaa ikakubali kwa sehemu kubwa. Hakuomba hisani; alidai haki.

Ontario nayo ina sheria ya mwaka 2005. Kanuni zake zilizitaka taasisi za umma, na zile zenye wafanyakazi 50 au zaidi, zirekebishe tovuti zao ifikapo Januari 1, 2021. Lakini hata hizo zilisamehewa kueleza kwa sauti yanayoonekana kwenye video. Vyama vyetu vidogo vya kujitolea havimo kabisa.

Basi tumesalimika? Kwa sheria, ndiyo. Kwa utu, hapana. Sheria haikutulazimisha kumwalika mtu, tumemwalika wenyewe. Anayesema karibu ana wajibu wa kufungua mlango.

Wapo watakaosema wasioona kwetu ni wachache. Tumewahesabu lini? Aliyekuta mlango umefungwa hakurudi kutuambia. Na kazi yenyewe si kubwa: kuipa video jina, kuchagua kichezeo chenye vitufe vinavyosomeka, kuizuia isijianzishe, na kuandika aya moja kueleza yanayoonekana.

Mwaka 2006 huko Australia, Michael Curran, kijana asiyeona, alianza kutengeneza NVDA, programu ya kusoma skrini inayotolewa bure. Mwenzake James Teh, naye haoni, akajiunga naye. Wasioona wamekwisha kutimiza sehemu yao. Iliyobaki ni yetu.