Mwenye Kitabu na Mwenye Elimu

Mtu akinunua kitabu cha kale chenye majina ya miti na majani, amenunua nini hasa? Karatasi na wino ni mali yake, hilo halina ubishi. Lakini elimu iliyomo ndani, je, nayo imekuwa mali yake, hata akiifungia kabatini isionwe na mtu awe ametenda haki? Na aliyekiandika kitabu hicho, yeye naye aliipata kwa nani? Twawaomba ndugu zetu wa Mombasa, Lamu na Malindi wafikiri nasi juu ya jambo hili, kwani si dogo kama lionekanavyo.

Mfano tunao karibu. Mwaka 1902 Wadachi walianzisha huko Amani, katika milima ya Usambara, chuo cha elimu ya mimea na kilimo, pamoja na bustani kubwa iliyopandwa miti ya pande nyingi za dunia. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza chuo kikaingia mikononi mwa Waingereza, na hapo ndipo mjuzi wa mimea P. J. Greenway alipotunga kamusi ya majina ya mimea, iliyotolewa mwaka 1937, ikatolewa tena mwaka 1940. Siku hizi kuipata nakala yake ni bahati. Kamusi hiyo hutanguliza jina la Kiswahili, ndipo likafuata la kitaalamu na la Kiingereza, na mpango huo twausifu, maana Mswahili huingia kwa mlango wa nyumba yake mwenyewe. Hata hivyo jalada lina jina la mtu mmoja, na majina kama mbambakofi na mlilana hayakuzaliwa maktabani. Yalitoka vinywani mwa mafundi wa majahazi, wakata boriti, na akina bibi wachuma dawa.

Mnamo mwaka 1950 makusanyo ya majani makavu ya Amani yalihamishiwa Nairobi, mwendo wa kilomita 60 hivi kutoka Machakos, mji uliojulikana na watu wa misafara ya pwani kabla ya reli kufika. Wakamba wa huko wana mti wauitao mukau, ambao ni jamaa ya mwarobaini wetu. Mbao zake haziliwi na mchwa upesi, na majani yake huwafaa mifugo wakati wa kiangazi. Mwaka 1895 kilitoka Berlin kitabu kikubwa cha mimea ya Afrika Mashariki, kwa usimamizi wa Adolf Engler, mkuu wa bustani ya mimea ya mji huo, na humo mukau ukapewa jina la Melia volkensii, kwa heshima ya Georg Volkens aliyekwenda Kilimanjaro kukusanya mimea. Hatusemi kwamba Volkens hakustahili heshima. Alisafiri na akataabika. Twauliza tu: aliyeujua mti huo tangu utoto wake, akauita mukau kabla mgeni hajafika, ameandikwa wapi?

Tena elimu ya mti si umbo la jani peke yake. Kokwa ya mukau ni ngumu mno, na mbegu iliyomo ndani haioti kwa urahisi. Wachungaji walikuwa wakiziokota kokwa katika mazizi ya mbuzi, baada ya mbuzi kula matunda, wakazipanda. Hayo hayaonekani katika jani lililokaushwa na kubandikwa karatasini. Nayo majani yaliyobandikwa huko Berlin, mengi yake ya nchi zetu hizi, yaliteketea kwa mabomu usiku wa tarehe 1 Machi 1943. Mukau Ukambani wapandwa hadi leo.

Atasema mtu kwamba lau si wakusanyaji wenye fedha, vitabu hivi vingeliwa na mchwa zamani. Kweli, na kwa kuvihifadhi twawashukuru. Lakini kuhifadhi ni kazi ya mwenye amana, na mwenye amana hamzuii mwenye haki kutazama. Ibn al-Baytar wa Malaga, aliyefariki Dameski mwaka 1248, alieleza dawa na vyakula 1,400 hivi katika kitabu chake, na hakuona haya kuwataja kwa majina waliomtangulia, hata pale alipowasahihisha. Kutaja hakukumpunguzia kitu.

Na tusiwaone wageni tu. Wako wazee katika miji yetu wajuao jani la homa na mzizi wa tumbo, na wakiulizwa na vijana hugeuza maneno, wengine kwa kuchelea riziki yao, wengine kwa kiburi tu. Huyo na tajiri mwenye kabati twaona ni mamoja, ila tajiri akifa kabati litafunguliwa.

Kwa hiyo mwenye nakala ya kamusi ya Amani, au kitabu chochote cha namna hiyo, twamwomba aruhusu ipigwe picha kurasa kwa kurasa. Na walimu wa madrasa wawape watoto madaftari, wakawaulize wazee wao majina ya mimea na matumizi yake, na kando ya kila mmea waandike jina la mzee aliyesema, mtaa wake, na tarehe.